Kuhamisha barua pepe za kazi toka seva moja hadi nyingine: namna ya kutopoteza hata moja

Mashariki mwa Kongo, ofisi nyingi zimeacha kutunza karatasi. Mkataba na mfadhili, barua ya wizara, orodha ya mishahara, mapatano na mwenye nyumba, vyote vinakaa ndani ya barua pepe, na nyingi ya barua hizo hazikuchapishwa hata siku moja. Siku ofisi inapoamua kubadilisha kampuni inayotunza barua zake, kumbukumbu ya miaka kumi inabebwa yote kwa pamoja, mara nyingi na fundi mmoja, usiku mmoja, kwa konneksio inayokatika kila saa.

Ubaya wa hasara ya namna hii ni kwamba haionekani mara moja. Asubuhi ya kwanza kila mtu anafurahi: barua mpya zinaingia, zinatoka, fundi analipwa na kwenda zake. Ni miezi minne baadaye mkaguzi wa hesabu anafika na kuomba barua ya mwaka 2021 ambamo mfadhili alikubali kubadilisha mstari wa bajeti. Inatafutwa kwa mkurugenzi, kwa mhasibu, kwa mtu wa lojistiki. Haiko. Seva ya zamani imekwisha kufungwa, na kampuni iliyokuwa nayo inajibu kwamba nafasi ile ilifutwa tangu muda mrefu. Pesa ambazo zilitumiwa kwa ruhusa sasa zinahesabiwa kama zimetumiwa bila ruhusa, na shirika linaombwa kuzirudisha.

Mbele ya sheria pia barua pepe si maneno ya hewa. Tangu tarehe 13 Machi 2023, Kongo ina sheria ya mambo ya dijitali, ile inayoitwa kwa Kifaransa Code du numérique, na sheria hiyo inalipa andiko la kielektroniki nafasi yake kama ushahidi. Aliyepoteza barua amepoteza karatasi yenye sahihi.

Nchi inayojua kuhama

Kongo imekwisha kuhamisha anwani zake zote mara moja. Kabla ya mwaka 1997, anwani za nchi kwenye intaneti ziliishia na .zr, kwa ajili ya Zaïre. Jina la nchi lilipobadilika, ilikuja .cd, na ile ya .zr ikaondolewa kabisa mwaka 2001. Kati ya miaka hiyo miwili wenye anwani za zamani walikuwa na wakati wa kuhama. Baada ya hapo, barua iliyoandikwa kwa anwani ya .zr haikuwa na pa kufikia.

Leo sababu za kuhama ni nyingine. Kuna bei. Kuna nafasi: kampuni iliyouza saiti ya bei nafuu ilitoa pia masanduku ya barua, lakini madogo, nayo yakijaa yanarudisha kila kitu kinachotumwa. Kuna ofisi ambazo ziliweka seva yao ndani ya chumba, karibu na jenereta, zikachoka kuhesabu mara umeme ulipokatika. Na kuna mambo makubwa zaidi. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlima Nyiragongo kulipuka, mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iliamriwa kuhama, na hakuna anayekimbia kwenda Sake au Minova huku amebeba seva kichwani. Mwezi wa kwanza wa 2025, mapigano yalipofika ndani ya mji huohuo, umeme na intaneti vilikatika. Baada ya matukio kama hayo inaeleweka kwamba mkurugenzi anataka barua zake zikae mbali, kwa Google, kwa Microsoft au kwa kampuni nyingine ya nje.

Kuhama ni uamuzi mzuri mara nyingi. Shida ni namna ya kubeba.

Barua ziko wapi kweli?

Hilo ndilo swali la kwanza, na fundi anayelisahau amekwisha kupoteza kabla ya kuanza. Chukua mfano wa ONG ndogo ya Bukavu yenye wafanyakazi 12. Mkurugenzi anasema: barua zetu ziko kwa seva. Mara nyingi ni kweli nusu tu.

Programu ya barua inaweza kuongea na seva kwa njia mbili. Ya zamani inaitwa POP. Kwa njia hiyo programu inashusha barua kwenye mashini na, isipoambiwa vingine, inaifuta kwa seva. Barua inabaki mahali pamoja tu: ndani ya kompyuta ya yule mtu. Ya pili inaitwa IMAP. Hapo barua inabaki kwa seva, na mashini inaonyesha nakala. Katika ofisi moja unaweza kukuta zote mbili. Mhasibu aliyewekewa Outlook mwaka 2014 bado anatumia POP bila kujua, na miaka yote ya hesabu iko ndani ya faili moja kwenye kompyuta anayobeba kila jioni ndani ya taksi. Wenzake walioajiriwa baadaye wako kwa IMAP.

Fundi akinakili seva kwa seva, atabeba yote ya wale wenzake, na ya mhasibu atabeba wiki chache tu, kisha atasema kwa moyo safi kwamba kazi imekwisha. Hakudanganya. Alihamisha kilichokuwa kwa seva.

Ndiyo maana kazi inaanza kwa kutembea ofisi nzima, meza kwa meza, kufungua kila programu na kutazama njia inayotumika. Barua zilizotumwa zinaombwa uangalifu zaidi, kwa sababu kwa mtu wa POP zile alizoandika mwenyewe hazikuwahi kukaa kwa seva. Faili za Outlook zenye mwisho wa .pst zinatafutwa, hata zile zilizo kwenye mashini iliyowekwa stoo tangu mwenyewe aache kazi. Simu pia zinatazamwa.

IMAP nayo ina mtego wake, na huu umeumiza wengi. Mashini inayotumia IMAP ni kama kioo cha seva. Mtu akichukua akaunti ileile ya zamani ndani ya programu na kubadilisha tu jina la seva, programu inalinganisha folda zake na zile za seva mpya. Seva mpya ni tupu. Programu inafanya kazi yake ya kawaida: inaondoa nakala zake ili zifanane na seva. Kwa dakika chache miaka sita inatoweka mbele ya macho ya mtu ambaye hakugusa kitufe cha kufuta. Dawa ni rahisi. Akaunti mpya inafunguliwa pembeni ya ile ya zamani, na ile ya zamani haiguswi mpaka mwisho wa kazi yote.

Daftari kwanza

Wazee wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa barua pepe usemi huu unafaa neno kwa neno. Kabla ya kubeba chochote, inaandikwa kwa kila sanduku na kwa kila folda: kuna barua ngapi, uzito gani, ya zamani kabisa ni ya tarehe gani. Bila hesabu hiyo, hakuna namna ya kujua kesho yake kama kuna kilichobaki njiani. Mafundi wengi wanaruka hatua hii kwa sababu inachosha na mteja haioni. Ni hapa mteja angepaswa kuwa mkali.

Orodha ya pili ni ya anwani. Watu 12 hawana maana ya anwani 12. Kuna info@, kuna ile ya zabuni, kuna ya mradi uliokwisha lakini mfadhili bado anaiandikia, kuna anwani ya mtu aliyeacha kazi ambayo barua zake zinaelekezwa kwa aliyemrithi. Hizi hazina mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayelia zinaposahauliwa. Tangazo la pesa linatumwa kwa anwani ya zabuni, linarudi kwa aliyelituma, na shirika halijui hata kwamba liliandikiwa.

Orodha ya tatu inahusu vitu ambavyo IMAP haibebi kabisa: majina na namba za watu, kalenda, kanuni za kupanga barua, sahihi ya chini ya barua, jibu la kujituma lenyewe wakati wa likizo, ruhusa za kufungua sanduku la mwingine. Kila kimoja kinatolewa kwa namna yake, katika faili, na kuingizwa upya upande wa pili.

Kubeba

Kanuni kubwa ya kubeba ina neno moja: nakili. Kukata na kubandika, au kuvuta folda kwa panya toka akaunti hadi akaunti, ni hatari, maana programu nyingine inafuta upande wa kwanza mara inapodhani upande wa pili umepokea. Umeme ukikatika katikati, hakuna anayejua barua iko upande gani. Anayenakili, umeme ukikatika, anaanza tena tu.

Chombo kinachojulikana sana na mafundi kwa kazi hii ni imapsync, programu iliyoandikwa na Mfaransa Gilles Lamiral. Inaunganisha seva mbili, inasoma alama za kila barua, na inapeleka zile tu ambazo upande wa pili hauna. Uzuri wake kwa watu wa Kivu uko hapo: ikikatika mara ishirini, inaanzishwa mara ishirini, na hairudii kupeleka kilichokwisha kufika. Ina namna ya kujaribu bila kugusa kitu, na namna ya kutoa hesabu ya folda tu. Lakini ina pia amri moja inayoitwa delete2, ambayo inafuta upande mpya kila barua isiyokuwa upande wa zamani. Kabla ya siku ya kugeuza, amri hiyo haina madhara makubwa. Baada ya siku hiyo, barua mpya zote zimeingia upande mpya tu, na amri ileile inazifagia. Kuna mafundi wanaonakili mstari wa amri walioukuta mahali bila kusoma kila neno lake. Wasome.

Sasa konneksio. ONG ya mfano ina masanduku 12 ya gigabaiti 5, jumla 60. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, kushusha gigabaiti 60 kunachukua karibu siku 3, usiku na mchana, bila kukatika hata dakika. Na kama kazi inapitia kwenye kompyuta ya Bukavu, kila barua inashuka kwanza halafu inapanda tena: ni siku karibu 6, na mega zinalipwa mara mbili. Hii haina maana yoyote. Seva ya zamani iko labda Ufaransa, mpya iko labda Ireland, na barua zinapitishwa Ibanda njiani. Fundi mwenye akili anakodi mashini ndogo huko Ulaya kwa dola chache, anaanzisha kazi huko, na toka Bukavu anaitazama tu kwa maandishi. Umeme wa mtaa ukienda, kazi inaendelea. Google na Microsoft wana pia vyombo vyao vya kuhamisha, ndani ya ukurasa wa msimamizi, ambavyo vinafanya kazi hiyohiyo kwao wenyewe.

Tena Google ina mipaka yake: kwa njia ya IMAP, akaunti moja haipokei zaidi ya megabaiti 500 kwa siku, wala haitoi zaidi ya 2.500. Sanduku la gigabaiti 5 likipandishwa namna hiyo linaomba siku 10. Anayemwahidi mkurugenzi kumaliza kati ya Ijumaa na Jumatatu aanze kwa kugawanya.

Kuna jambo dogo ambalo linatisha watu bure kila mara. Seva moja inaita folda ya barua zilizotumwa Sent, nyingine inaiita Éléments envoyés, nyingine Messages envoyés. Baada ya kuhama, mtu anafungua folda yake, anakuta ni tupu, anapiga kelele kwamba kila kitu kimepotea. Zipo, ziko katika folda ya pembeni yenye jina la zamani. Fundi aliyeandaa meza ya majina kabla ya kubeba analala usiku huo. Na majina yenye alama za Kifaransa, kama Comptabilité au Échéances, yanatazamwa moja moja, kwa sababu kuna vyombo vinavyoyavuruga. Upande wa Gmail mambo ni kinyume: Gmail haina folda za kweli, ina vibandiko, na barua yenye vibandiko vitatu inaonekana mara tatu. Ikitolewa huko bila kuangalia, sanduku la gigabaiti 5 linakuwa la 12 na hesabu ya daftari haifanani tena na kitu chochote.

Siku ya kugeuza

Barua inajua pa kwenda kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa katika jina la domeni la ofisi. Mstari huo unaitwa MX, nao unasema: barua za shirika hili zipelekwe kwa seva fulani. Kubadilisha mstari huo ndiko kuhama kwenyewe. Lakini ulimwengu hausomi mstari mpya kwa dakika moja. Kila mstari una muda wake wa kukumbukwa, na kama muda huo ni sekunde 86.400, yaani siku nzima, basi kwa siku nzima kuna wanaopeleka seva ya zamani na wanaopeleka mpya. Siku mbili au tatu kabla, fundi anaupunguza muda huo hadi sekunde 300. Ni kazi ya dakika tano. Isipofanywa, Jumatatu inakuwa ndefu.

Utaratibu wa mambo una uzito kuliko haraka. Masanduku yote mapya, pamoja na anwani zile zisizo na mwenyewe, yanafunguliwa kabla ya MX kuguswa. Sababu yake ni hii. Seva ikiwa imezimwa kabisa, barua haipotei: kanuni za kimataifa za barua pepe zinaagiza anayetuma aendelee kujaribu kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa. Lakini seva ikiwa iko wazi na ikajibu kwamba mtu huyo hajulikani, barua inarudi palepale na haitajaribiwa tena. Kwa maneno mengine, seva iliyolala ina heri kuliko seva iliyo macho yenye orodha isiyo kamili. Watu wachache wanalijua hili, na linaeleza kwa nini kuhama kwa haraka, huku anwani zikiongezwa kidogo kidogo kadiri watu wanavyolalamika, kunaharibu zaidi kuliko umeme kukatika usiku kucha.

MX inageuzwa Ijumaa jioni. Seva ya zamani haizimwi. Kwa siku tano au sita bado inaweza kupokea barua za waliochelewa, na kila jioni imapsync inaanzishwa tena ili kuzivusha. Maneno ya siri ya muda yaliyopewa fundi yanabadilishwa kazi inapokwisha. Mtu mmoja kuwa na funguo za barua zote za mkurugenzi, za mhasibu na za mwanasheria ni jambo la kuogopesha hata akiwa ndugu.

Baada ya kugeuza kuna mstari mwingine wa domeni usiosahauliwa: ule unaotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la shirika, unaoitwa SPF, pamoja na ndugu yake DKIM ambao ni kama muhuri juu ya kila barua. Tangu mwezi wa pili wa 2024, Gmail na Yahoo wamekuwa wakali juu ya hayo. Shirika lililohama bila kurekebisha SPF linaandika kwa wafadhili, na barua zinaanguka katika taka bila taarifa. Barua haikupotea, lakini hakuna aliyeisoma, na kwa mwenye kungojea jibu ni kitu kimoja.

Nani mwenye domeni?

Mafundi wanaulizwa sana juu ya masanduku, na kidogo sana juu ya jina la domeni. Katika ofisi nyingi jina hilo liliandikishwa miaka iliyopita na kijana aliyetengeneza saiti, kwa anwani yake binafsi, kwa kadi yake mwenyewe. Kijana amekwenda Kampala au Kanada. Siku muda wa domeni unapokwisha, taarifa inatumwa kwake, yeye haijali, na barua zote za shirika zinasimama. Mgeni yeyote anaweza kununua jina hilo na kuanza kupokea barua zilizoandikwa kwa mkurugenzi.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Iliipata karibu nchi nzima. Mwisho wa mwaka 2020, mtafiti wa usalama wa intaneti Fredrik Almroth aliona kwamba scpt-network.com, mojawapo ya majina yaliyotumiwa kuongoza njia za anwani zote za .cd, limeachwa bila kulipiwa. Alilinunua yeye mwenyewe, ili lisiangukie mikono mibaya, kisha akatoa taarifa kwa wahusika. Aliyekuwa na jina hilo angeweza kuingilia karibu nusu ya maulizo yote yanayohusu saiti na barua za .cd. Kongo ilibadilisha jina lile na nafasi hiyo ikafungwa. Yote kwa sababu ya malipo madogo ya mwaka yaliyosahauliwa.

Kwa hiyo kabla ya kuhama, shirika linahakikisha kwamba domeni imeandikwa kwa jina lake, kwa anwani ya barua isiyo ndani ya domeni hiyohiyo, na kwamba imelipwa kwa mwaka mmoja zaidi walau.

Nakala ambayo haikujaribiwa

Hata aliyefuata yote haya anahitaji nakala ya akiba iliyo nje ya seva zote mbili, iliyochukuliwa kabla ya kuanza. Diski ya nje ya terabaiti moja inatosha kwa ofisi ndogo kwa miaka mingi. Inajazwa, inachomolewa, inafungiwa kabatini mahali pengine.

Kuchomolewa kuna maana yake. Mwezi wa pili wa 2011, kosa ndani ya programu mpya ya kutunzia barua lilifanya watu kadhaa wa Gmail, asilimia 0,02 ya watumiaji wote, wafungue masanduku yao na kuyakuta matupu. Google ilikuwa na nakala nyingi katika vituo vyake mbalimbali, lakini kosa lilizifikia nakala hizo pia, maana zote zilikuwa zimeunganishwa. Kilichookoa barua ni tepu za sumaku, teknolojia ya wazee, ambazo hazikuwa zimeunganishwa na kitu chochote. Kurudisha kulichukua muda, lakini barua zilirudi.

Na nakala inajaribiwa. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta kwa makosa folda ya hifadhi ya data kwenye seva kuu. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4,5. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuweka akiba. Walipozigeukia, waligundua kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama ilivyodhaniwa. Waliokolewa na nakala ya saa sita nyuma ambayo mfanyakazi mmoja aliichukua kwa mkono, kwa kazi nyingine kabisa. GitLab ilisimulia yote hadharani, jambo linaloistahilisha heshima. Mji wa Dallas, Marekani, ulikuwa na bahati ndogo: mwaka 2021, mfanyakazi aliyekuwa akihamisha data za polisi toka hifadhi ya mbali hadi seva ya mji alifuta terabaiti 22 za kumbukumbu za upelelezi, na sehemu yake haikurudi tena.

Hao ni watu wenye mafundi wengi na umeme usiokatika. Ofisi ya Uvira au ya Bunia haina sababu ya kujiona salama kuliko wao, lakini ina faida moja: gigabaiti zake ni chache, na nakala kamili ya kila kitu inaingia mfukoni.

Wakati wa kufunga seva ya zamani unakuja, na hapo pia saa inahesabu. Akaunti ya mfanyakazi ikifutwa katika huduma ya kazi ya Google, msimamizi ana siku 20 za kuirudisha. Kwa Microsoft 365 ni siku 30. Baada ya hapo hakuna wa kulilia. Akaunti za kawaida za Gmail ambazo hazikufunguliwa kwa miaka miwili nazo zinaweza kufutwa na Google tangu mwezi wa kumi na mbili wa 2023, na kuna mashirika ambayo yalianza maisha yake ndani ya akaunti kama hiyo, kabla ya kuwa na domeni, halafu yakaisahau.

Wanaofanya vizuri wanalipa seva ya zamani mwezi mmoja au miwili zaidi, hata kama mhasibu anauliza kwa nini. Ndani ya mwezi huo kila mfanyakazi anapewa kazi ya kutafuta, upande mpya, barua tatu anazozifahamu: ya zamani kabisa, yenye kiambatisho kizito kabisa, na moja aliyoituma mwenyewe. Anafungua kiambatisho, anatazama kama tarehe ni ile ya kweli na si tarehe ya kuhama. Kisha hesabu za folda zinawekwa kando ya zile za daftari. Zikifanana, anatia sahihi chini ya ukurasa wake. Karatasi 12 zikikamilika, fundi anapewa nusu ya pesa iliyobaki, na seva ya zamani inazimwa.